Ndagala za chungu

Wasikilizaji wetu wa Baraka, Mboko, Nundu na Sebele mpaka kule Kazimia, na nyinyi ndugu mulio kambini au katika nyumba za watu waliowapokea: wengi wenu mulikisikia kipindi kile. Tulikipitisha saa moja ya jioni, siku ambayo jenereta yetu haikuzimika hata mara moja, na kwa hiyo kilifika mbali. Kilikuwa juu ya samaki. Nilikitengeneza mwenyewe, nikakisoma mwenyewe, na siku tatu baadaye nyavu kumi na moja zilichomwa moto ufukoni. Tangu hapo sikusema tena neno juu ya jambo hilo. Leo naandika kwa sababu kuna mama mmoja aliniuliza swali kando ya maji, na mimi mwenye kuuliza watu maswali kila siku nilikosa jibu.

Kwa wasiojua kazi ya usiku, nieleze kidogo. Ndagala ni samaki mdogo kama kidole, hafikishi miaka miwili ya maisha, na anatembea makundi kwa makundi ndani ya ziwa. Usiku wa giza mvuvi anawasha taa juu ya maji. Wadudu wadogo wa majini wanafuata mwanga, ndagala zinafuata wadudu, mikebuka inafuata ndagala, na wavu uko chini unangoja. Chombo chenyewe tunakiita kipe: mitumbwi miwili au mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na taa zinaning'inia juu ya maji. Zamani zilikuwa taa za petroli za kupampu, leo ni balbu na betri za jua. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina faida, na kipe zinalala kwenye mchanga karibu juma zima.

Baba yangu mdogo ana kipe moja na moteri moja. Hesabu yake inakwenda hivi: mafuta yanatolewa kwanza, kinachobaki kinakatwa nusu kwa nusu, ya mwenye chombo na ya wavuvi wake. Lakini kabla ya hesabu yote, kila mvuvi anachota ndagala za chungu, maana yake za kula nyumbani kwake, na hizo haziandikwi katika daftari. Hata usiku mbaya, hata wakirudi na beseni moja, za chungu zinatoka. Nilikua nikiona hivyo. Sijawahi kusikia mwenye kipe anayezikatalia.

Sasa kipindi. Wavuvi walikuja redioni kulalamika kwamba ndagala zimepungua, na kwamba wahami wanaingia majini karibu na kivuko, maji yakiwafika kiunoni, na kukokota supaneti. Supaneti ni chandarua cha mbu, kile wanachogawa ili watoto wasiugue malaria. Matundu yake hayaachii kitu. Na ndagala changa zinapenda kukaa karibu na ukingo kabla ya kukua na kwenda mbali. Ukizichota pale, umechota samaki wa miezi inayokuja. Hayo ni kweli, na sheria inakataza. Mtumishi mmoja wa serikali alinieleza vizuri kabisa. Baba mdogo naye alisema maneno yake, na muzee mmoja wa komite ya wavuvi.

Wahami sikuwauliza. Nilipanga kwenda asubuhi, mvua ikanyesha, kisha betri ya kinasa sauti ikaisha, na saa ya kupitisha kipindi ikafika. Katika kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa siku ya kwanza kabisa kwamba habari ya upande mmoja si habari. Nilijua. Nikajiambia nitawatengenezea kipindi chao juma lijalo. Tena nikatumia maneno ambayo leo yananichoma: nilisema "waharibifu wa ziwa".

Baada ya kipindi tukafungua simu. Mtu wa kwanza akasema ziwa hili ni la wenye kuzaliwa hapa, Babembe na Babwari, na mgeni akitaka samaki anunue sokoni. Mtu wa pili akasema vilevile lakini kwa ukali zaidi. Wa tatu nilimkata. Fundi aliniangalia kupitia kioo, na ule mtazamo ningepaswa kuuelewa.

Siku ya tatu vijana wakashuka ufukoni na petroli.

Nilifika moshi ukiwa bado. Nailoni ikiungua inatoa harufu mbaya, inaganda kama lami, na mchanga wa pale ulibaki na madoa meusi kwa majuma. Wanawake walikuwa wamekaa mbali kidogo, hawalii. Mama mmoja akainuka, akaja mpaka kwangu. Alinijua kwa sauti, kwa sababu nilikuwa nimesalimia.

"Mwanangu, ni wewe ulisema mu radio?"

"Ni mimi, mama."

"Ulisema tuko tunaharibu ziwa. Sawa. Sasa leo jioni batoto watakula nini?"

Halafu akasema jambo ambalo lingepaswa kuwa katika kipindi changu. Yeye si mgeni. Ni Mubembe, wa ukoo ambao mtu yeyote hapa Fizi anaujua, ila alizaliwa na kuolewa juu milimani, upande wa Bibokoboko, ambako watu wanalima na hawajui kuvua. Alikimbia mwaka 2021, nyumba zilipochomwa kule. Hakuwahi kuingia ndani ya maji yanayopita magoti kabla ya kufika Baraka. Supaneti alipewa na shirika. Sufuria alipewa. Ndoano hakuna aliyempa.

Mtu wa simu alidhani anamfukuza mgeni, kumbe wavu wa kwanza kuungua ulikuwa wa dada yake.

Sitaki kujifanya mtakatifu wa pande zote. Damu ya baba mdogo ni damu yangu, na kilio chake ni cha kweli. Kuna usiku anarudi na ndagala ambazo hazilipi hata mafuta. Kuna moteri zinaibiwa katikati ya ziwa na watu wenye bunduki. Kuna makaratasi ya kulipia kwenye kila kivuko, kila mmoja na muhuri wake. Na tangu maji ya ziwa yalipopanda, mwaka 2020 na 2021 kisha tena 2024, sehemu za kuanikia samaki zilimezwa, na watu wote wanabanana juu ya mchanga uliobaki. Kwa hiyo mtu akiona mstari wa wanawake wanakokota supaneti asubuhi, mbele ya macho yake, anaona ndio adui wa kwanza anayeweza kumfikia. Upepo hawezi kuuchoma.

Nasema upepo kwa sababu baada ya moto ule nilianza kusoma, nikiwa nimechelewa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha mita 1.470. Ukisimama Baraka ukaangalia kusini, unasema hiki kitu hakina mwisho. Lakini samaki hawakai humo mwote. Hewa ya kupumua inashuka mita mia moja au mia mbili hivi tu kutoka juu, na chini ya hapo ni maji mengi yasiyo na samaki. Chakula cha samaki kinategemea mbolea ya chini ipande juu, na kinachoipandisha ni upepo wa kusini wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba. Maji ya juu yakipata joto kupita kiasi, yanakuwa kama mafuta ya mawese juu ya mchuzi, hayakubali kuchanganyika. Mwaka 2003 watafiti waliandika kwamba joto limepunguza chakula hicho. Mwaka 2016 wengine, waliochunguza mabaki ya samaki katika tope la chini, walionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla hata ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza.

Supaneti inaua ndagala changa, hilo halibadiliki. Lakini mimi nilikuwa nimewaambia watu wa Fizi kwamba ziwa lote linaharibiwa na akina mama thelathini wenye maji kiunoni.

Nirudi nyuma sasa, maana kuna sababu nyingine iliyonifanya nisilale. Vita ya 1996 ilipofika nilikuwa na miaka saba. Tulivuka ziwa usiku kwa mtumbwi, mama, shangazi na sisi watoto wanne, mpaka ng'ambo, mkoa wa Kigoma. Kabla ya kupelekwa kambini Lugufu tulikaa siku kadhaa katika kijiji kimoja cha ukingoni. Hatukuwa na kitu. Mama na shangazi waliingia majini na kitenge, kila mmoja ameshika pembe mbili, wakachota samaki wadogo kama sindano. Tulivikaanga bila mafuta. Ninakumbuka vilikuwa vichungu kwa sababu ya matumbo, na nilitaka vingine.

Asubuhi ya pili akaja muzee wa kijiji kile, mvuvi. Mama alidhani anakuja kumfukuza. Muzee akasema, mama, pale kwenye mawe usichote, samaki wanatunza watoto wao. Chota kule kwenye mchanga, na ukimaliza kujaza bakuli, toka. Kisha akaleta ndoano tatu zimefungwa kwenye uzi. Shangazi alizitunza ndoano zile mpaka Lugufu, ambako hakuna ziwa na tulikuwa haturuhusiwi kwenda mbali na kambi. Zilikaa ndani ya kopo miaka kumi. Tulirudi Baraka mwaka 2007 kwa meli ya MV Mwongozo, nazo zikarudi.

Kwa hiyo nilipokuwa nasoma "waharibifu wa ziwa" mbele ya mikro, nilikuwa mtoto wa kitenge. Sikukumbuka hata kidogo. Mtu akipata kadi ya kazi na kinasa sauti anasahau haraka.

Baada ya nyavu kuungua, shefu aliita mkutano chini ya mwembe. Watu walijaa. Wahami walikaa upande wa jua kwa sababu kivuli kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Hata katika hilo hakuna aliyewaza. Muzee wa komite alisema maneno marefu juu ya nchi nne zenye ziwa hili, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilizotia sahihi mkataba wa pamoja Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na juu ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi yake Bujumbura. Akasema huko ndiko wanazungumzia kupumzisha ziwa miezi mitatu, tangu 15 Mei mpaka 15 Agosti, kama Tanzania walivyofanya upande wao mwaka 2024.

Hapo wenye kipe wakachemka. Miezi mitatu! Baba mdogo akasimama, akasema mbele ya wote: "Wanataka tufunge, sawa, lakini watoto watakula nini? Tumepewa nini cha kushika badala ya wavu?" Watu wakapiga makofi.

Yule mama akainua mkono upande wa jua. Shefu akampa nafasi. Akasema: "Muzee, hata mimi niliuliza vile. Hata maneno ni yaleyale."

Akakaa. Hakuongeza kitu. Baba mdogo alibaki amesimama kwa muda, na mimi niliyemjua tangu utoto nikaona anatafuta jibu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mwishowe akacheka kidogo, akasema, "Huyu mama amenifunga."

Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya samaki kweli, si ya nani alizaliwa wapi. Yalichukua mpaka jioni. Wavuvi walishika kwamba supaneti haiwezi kurudi majini, na wahami wakakubali. Wengi walisema hawaipendi hata wao, inachosha na inaleta konokono za kichocho. Wenye kipe wakakubali kwamba kila usiku wa giza kila kipe itatoa kopo kadhaa, kabla ya hesabu, kama za chungu, ziende kwa familia ambazo nyavu zao ziliungua. Muda ni miezi mitatu. Ndoano na uzi zitolewe na komite. Na mtumbwi mmoja mzee uliokuwa unaoza ufukoni uzibwe na wapewe, wavue kwa ndoano tu, si karibu na mawe.

Kulikuwa na kundi moja ambalo hakuna aliyelitaja, na mimi sikulitaja kwa aibu. Ni wale wa Jumapili. Munawaona: watumishi wa mashirika na wakubwa wachache wa mjini wenye fimbo za ndoano za kununua, miwani myeusi, na sanduku la barafu. Hawavui kwa njaa wala kwa soko. Wanavua kwa kupumzika, na mimi siwalaumu kupumzika. Lakini wanapenda mawe, kwa sababu ndiko kuna samaki wakubwa. Miezi michache kabla ya kipindi changu, walinialika. Mmoja akavuta kuhe mzuri, mzito, watu wakapiga picha. Mvuvi aliyetubeba akanyamaza, kisha akaninong'oneza kwamba kuhe yule alikuwa na watoto. Kuhe, dume na jike, wanalinda watoto wao pamoja, mamia na mamia, wingu dogo jeusi juu ya mchanga. Ukimtoa mzazi, samaki wengine wanamaliza wingu lile mbele ya macho yako. Niliangalia chini nikaona. Kisha tulikula brosheti za kuhe na Primus baridi, na sikutengeneza kipindi chochote. Wala hakuna aliyechoma fimbo ya mtu.

Hilo nililisema redioni baadaye, katika kipindi cha pili. Ndiyo, nilikitengeneza, na safari hii yule mama alisema kwanza, kabla ya mtumishi wa serikali na kabla ya komite. Simu zilikuwa chache. Mmoja wa watu wa Jumapili alinipigia yeye binafsi, akaniambia nimewaaibisha. Tangu hapo sijaalikwa, na sasa naona wanavua mbali na mawe, angalau wakiniona mimi niko ufukoni.

Mutauliza mapatano yalikwendaje. Yalikwenda vizuri miandamo miwili. Nilishuhudia mwenyewe makopo yakipimwa alfajiri, watoto wa wahami wakingoja na sahani, wavuvi wakiwatania kwa Kibembe. Mwandamo wa tatu moteri ya baba mdogo ikaibiwa, na yeye akaacha kutoa kwa sababu hakuwa na kitu cha kutoa. Wawili wengine wakaacha kwa sababu yeye ameacha. Kisha mwanzoni mwa 2025 Bukavu ilipoanguka, watu wengine wakashuka, idadi ya sahani ikazidi, na hakuna aliyejua tena nani alikuwa wa orodha ya kwanza. Kuna usiku nilisikia kwamba supaneti mbili zimeonekana tena upande wa Mutambala. Sikwenda kuhakikisha. Pengine ningepaswa.

Mtumbwi mzee, huo, ungali unaelea. Walioupewa walikuwa familia kumi na moja. Sasa unatumiwa na nne, kwa zamu, maana wengine walihama au walipata kazi ya kuanika ndagala za wenye kipe na kulipwa kwa kopo. Yule mama ni mmoja wa wanne. Shangazi yangu, ambaye sasa haoni vizuri, alinisikiliza nikisoma kipindi cha pili, akamwambia binti yake alete lile kopo. Ndoano moja ilikuwa imeliwa na kutu kabisa. Mbili zilikuwa nzima. Niliwapelekea.

Juma lililopita ilikuwa mbalamwezi. Kipe zote zilikuwa zimelala mchangani, taa zimefunikwa kwa mifuko, na baba mdogo alikuwa anashona wavu akilalamika juu ya bei ya moteri. Mtumbwi mzee ulikuwa mbele kidogo, mama yule na kijana wake ndani yake, nyuzi zimeshuka pande mbili. Nilimsalimia kutoka ufukoni. Akainua samaki mmoja nione, ngege wa kiganja kimoja, halafu akaonyesha vidole viwili, kwamba wako wengine wawili chini ya mtumbwi. Kijana wake akapiga kelele kuniuliza kama mwezi huu mawe ya upande wa kaskazini yamefunguliwa. Nikamwambia amuulize baba mdogo. Baba mdogo, bila kuinua kichwa kutoka kwenye wavu, akajibu bado.